Pua ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mtunza maabara wa shule niliyosoma, na kwa miaka tisa hakuna aliyejua, ila mimi, kwamba pua yake ilikuwa imekufa. Chupa ya amonia ilimponyoka, akavuta mvuke wake, basi. Alinyamaza. Mtunza maabara asiyenusa hana kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinisomesha mimi, mtoto wa kaka yake.

Kwa hiyo pua yake nilikuwa mimi. Kila asubuhi kabla ya kengele nilipita maabara, nikavuta hewa mara mbili, nikamwambia pako salama. Alinitania kwamba mwisho wa mwezi tutagawana mshahara.

Muhula mmoja mwalimu wa fizikia alituanzishia majaribio ya nishati. Paneli mbili za jua juu ya paa, pangaboi dogo la kufua umeme kwa upepo wa feni, na kabatini betri mbili za gari za kuuhifadhi. Tulipima umeme ulioingia na uliotoka, tukashangaa unavyopotea njiani. Madirisha yalifungwa siku zote, maana upepo wa nje ulivuruga vipimo vya pangaboi. Mwalimu alituonya kwamba betri ya asidi ikizidishiwa chaji hutoa gesi inayolipuka, na dalili yake ni harufu ya mayai viza. Shangazi, kule nyuma ya darasa, alinitazama mimi tu.

Shida ilikuwa wenzangu. Walishaniona nikinusanusa mlangoni, wakanibandika jina la Mbwa wa Polisi. Nikipita, mtu anabweka. Mwanzoni nilicheka nao. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa nauchukia ule mlango.

Ijumaa moja kifaa cha kuzuia chaji isizidi kiliharibika, na hakuna aliyegundua. Jumamosi na Jumapili jua liliwaka kama lililotumwa. Betri zikachemka kabatini siku mbili nzima.

Jumatatu nilimkuta shangazi keshavaa koti lake jeupe lenye kiraka mfukoni, anapanga nyaya. Wenzangu watatu walikuwa wameegemea ukuta wa korido, wanasubiri nianze. Nilisimama kizingitini nikabana pumzi. Niliibana makusudi, wasiione pua yangu ikicheza.

"Vipi, mwanangu?"

"Safi, shangazi."

Sikufika hatua kumi. Alibana waya kwenye betri, ikaruka cheche, gesi ikalipuka. Nilipogeuka, kioo cha mlango kilikuwa sakafuni, naye anatoka akipapasa ukuta, asidi imemtapakaa usoni. Aliniuliza kama nimeumia.

Kamati ya shule ilimfuata hospitali, naye macho yamefungwa bendeji. Walitaka kujua nani alikagua chumba asubuhi ile. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimemshika mkono, na nilihisi vidole vyake vikinibana.

"Nilinusa mwenyewe," alisema. "Hapakuwa na kitu."

Wakaandika hivyo. Kazi ikaisha, na macho hayakurudi.

Anaamini alinikinga na lawama ya kosa la pua ya mtoto. Kuhusu pumzi niliyoibana sijamwambia, na nina aibu kuandika kwamba miaka inapita. Siku hizi tunakaa pamoja. Asubuhi hunipa kikombe nimnusie maziwa, yasije yakawa yameharibika. Nikisema safi, anakunywa yote.