Kibao chenye Jina la Baba

Juzi nilirudi kijijini kwetu Mugoma nikakuta kibao cha barabara yetu kimetoka kupakwa rangi. Harufu yake ikanirudisha mchana mmoja wa utotoni.

Wakubwa walikuwa shambani, na fimbo zao zilisikika zikipura maharage. Mgeni kutoka wilayani alifika na fomu ya kuandikia majina ya barabara, akaniuliza njia yetu inaitwaje. Watu wote waliiita njia ya Stefania. Bibi Stefania, jirani yetu, ndiye aliyeichimba kwa jembe lake, baada ya mwanawe kufia kwenye machela watu wakimzungusha mlima kumpeleka zahanati.

"Barabara ya Bonifasi," nikasema. Bonifasi ni baba yangu.

Nilidhani majina yangepokezana, kama zamu za kufagia darasa, nikataka baba aanze. Sikujua kwamba jina likishaandikwa, kulibadilisha kunaanzia mkutano wa kijiji na kwenda mpaka halmashauri.

Kibao kiliposimikwa, baba aliona aibu. Alinishika mkono tukaenda kwa Bibi, tukamkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama. Huyu mtoto ametukosea. Nitamwomba mwenyekiti aitishe mkutano, jina libadilishwe."

"Marahaba. Usijisumbue, Bonifasi. Mtoto hakujua njia ni ya nani."

Baba alinitazama, akingoja niseme neno. Nikainama, nikaanza kuokota maharage yaliyodondoka kutoka kwenye ungo.

Bibi alipofariki, tulimpitisha njia hiyohiyo kwenda kumzika, mbele ya kibao chenye jina la baba. Mpaka leo sijamwambia mtu kwamba nilijua.