Chai Haijawahi Kuua Mtu

Kinya hakuumbwa kutulia. Hata akiketi, mguu wake wa kulia ulicheza chini ya meza kama anashona kwa cherehani. Aliuza mbegu, dawa za mifugo na sumu ya panya katika duka moja la wakulima pale Nkubu. Siku tatu kwa wiki, saa ya chakula cha mchana, alivuka barabara, akapanda ngazi hadi juu ya duka la kinyozi, akaingia katika chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti zisitoroke. Humo ndani Kinya aligeuka watu wengine.

Mwenye chumba alikuwa Ndwiga, kijana wa Embu mwenye kifua kidogo na sauti kubwa isiyolingana nacho. Alichukua filamu za nje, akapunguza sauti ya maneno yake, akaweka ya Kiswahili juu, kisha akawauzia watu kwenye fleshi. Yeye alikuwa wanaume wote: polisi, jambazi, hata padri. Kinya alikuwa wanawake wote, na paka pia, akitokea.

Mwezi wa nne Ndwiga alileta filamu ya zamani kweli kweli, haina rangi, wanaume wote wana kofia na mvua haikatiki. Ndani yake kulikuwa na mwanamke mrembo hadi unaogopa, amevaa kofia yenye wavu ulioshuka machoni. Anampa mumewe, tajiri wa mbao, kikombe cha kitu cha moto. Mume anakunywa, anaingia kwa gari, anasinzia, gari linatumbukia mtoni.

"Anamwambia nini hapa?" Kinya aliuliza.

"Hata mimi sijui. Kizungu chao kinapitia puani. Sema kitu chochote, bora mdomo wake ukifunga, na wewe ufunge."

Kinya aliutazama ule mdomo mara tatu. Akasogea karibu na maikrofoni, akaishusha sauti hadi ikawa asali inayomwagika polepole. "Kunywa, mpenzi. Chai haijawahi kuua mtu."

Ndwiga aliondoa mkono kwenye kompyuta. "Wueh! Nimesikia baridi, na hata sijaoa."

Wiki mbili baada ya sehemu ya kwanza kuuzwa, maneno hayo yalikuwa yametapakaa Nkubu yote. Vinyozi waliyasema, wauza ndizi waliyasema, mwenye hoteli aliyaandika kwa chaki mlangoni. Wateja dukani nao hawakumpa pumzi.

"Madam, nipatie sumu ya panya," mzee mmoja alisema. "Ama mnauza ya mabwana peke yake?"

"Ya mabwana imeisha, mzee. Imebaki ya wenye mdomo."

Duka zima lilicheka. Kinya alicheka pia, lakini mguu haukuacha kucheza. Kulikuwa na jambo lililomwasha. Yule mwanamke wa filamu hakai chini. Filamu nzima anatoka dirishani anaenda mlangoni, anatoka mlangoni anarudi dirishani. Na hadithi yote inasimuliwa na mwanamume mmoja wa kofia, ambaye ndiye anayetuambia kwamba mwanamke huyu ni sumu.

"Kwani hana mama?" Kinya alimuuliza Ndwiga. "Hana rafiki? Mbona hakuna mtu anamuuliza kitu?"

"Kinya, hii ni filamu, si kesi ya chifu. Imebaki sehemu ya pili, apigwe risasi tumalize. Jumatatu?"

"Jumatatu," Kinya alisema. Alikuwa ameshaahirisha mara mbili.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumapili, na Jumapili ilikuwa ya Mwirigi.

Mwirigi alilima ndizi kule Mitunguu, na walikuwa wamependana miaka miwili. Yeye ndiye aliyeicheka ile filamu kuliko wote, hata simu yake ikipigwa, ililia "Kunywa, mpenzi." Mwezi uliofuata watu wake wangeagiza miraa ya posa kutoka Kangeta, wailete kwa baba yake Kinya ikiwa imefungwa kwa jani la mgomba. Baba akiifungua tu, amekubali, mambo yameisha. Ila kwanza Marcella, mamake Mwirigi, alitaka kumwona msichana nyumbani kwao.

Jumamosi Mwirigi alipiga simu. "Ukiongea na mathe kesho, tumia sauti nyembamba kidogo."

"Nyembamba aje?"

"Si ile ya filamu. Unajua watu wamemwambia vitu."

"Vitu gani, Mwirigi?"

"Eti unauza sumu mchana kutwa, halafu... Wacha tu. Tutakuja."

Jumapili baada ya kanisa Kinya aliosha vikombe vinne, akavifuta, akaviosha tena.

"Wewe mwari, utavitoboa," alisema Cicily, mamake. Baba alikuwa amekwenda mazishini, na bora hivyo.

Wageni walifika, Mwirigi na mamake. Viazi vitamu vilikuwa mezani, chai ya maziwa na tangawizi ilikuwa inafuka. Cicily aliomba, Kinya akamimina. Marcella akapokea kikombe kwa mikono miwili, akasema asante, akakiweka juu ya kigoda.

Akaongea kuhusu mvua. Akaongea kuhusu bei ya ndizi, kwaya, goti lake la kushoto. Kikombe hakukigusa. Chai ilianza kuvaa utando. Cicily alikitazama kile kikombe, akatazama ukuta, akakitazama tena. Mgeni akiiacha chai yako ipoe, amekwambia neno, na kila mtu chumbani amelisikia.

Mguu wa Kinya ulikuwa unapiga sakafu. Angeweza kucheka. Angeweza kuongea kwa sauti nyembamba hadi jioni. Alisimama.

"Mama, niruhusu."

Akakichukua kikombe cha Marcella, akanywa mafunda matatu makubwa mbele ya wote, akakiongeza chai hadi juu, akamrudishia. Hivyo ndivyo nyanya zetu walivyofanya na kibuyu cha uji: anayemimina huonja kwanza. Lakini mgeni kuomba aonjewe ni tusi, kwa hiyo hakuna anayeomba.

Marcella alikipokea. "Mimi ningekufa na aibu kabla ya kukuomba," alisema. Akanywa. Akakimaliza chote, akakohoa kidogo kwa sababu ya tangawizi. "Na huyo mwanamke wa kofia, alimpea bwanake nini?"

"Sijui, Mama. Hawakuonyesha."

"Pengine basi ni usingizi tu. Hata wangu alikuwa analala popote."

Cicily aliangua kicheko hadi akashika meza. Wote walicheka. Kinya aligeuka na kicheko chake mdomoni, ndipo akamwona Mwirigi. Alikuwa akicheka pia, kikombe mikononi, kimejaa hadi ukingoni, utando mzito juu yake, haujapasuka. Macho yake yalikuwa kwenye kikombe kitupu cha mama yake. Ndipo akakiinua chake haraka haraka.

"Ngoja," Kinya alisema. "Imepoa."

"Nilikuwa nangoja ipoe. Ilikuwa moto."

"Hata ya mama yako ilikuwa moto."

Kicheko kilikatika. Marcella aliutazama ule utando, kisha akainamisha kichwa.

"Miaka miwili, Mwirigi. Umekula githeri yangu mara ngapi?"

"Ni watu wanasema, si mimi..."

"Wao wanasema na wananunua. Wewe ndiye hukunywa."

Kinya alikitwaa kikombe mkononi mwake. Mwirigi hakukishikilia.

Langoni Mwirigi aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa ile miraa?"

"Msiagize."

Marcella alimshika Kinya mkono, akakaa nao muda mrefu.

Jumatatu, juu ya kinyozi, mwanamume wa kofia aliinua bastola. Na mwanamke yule, mara ya kwanza katika filamu nzima, akaketi. Akafungua mdomo kidogo tu.

"Hapa analilia msamaha," Ndwiga alisema.

Kinya akaisogelea maikrofoni. Hakuishusha sauti, hakuipaka asali. Alisema kwa ile sauti yake ya dukani: "Ungekunywa, ungejua."

"Lakini Kinya, huyu ni muuaji! Haiingiani na sehemu ya kwanza."

"Mdomo umefunga nilipofunga?"

Ndwiga alirudisha nyuma, akatazama. "Umefunga."

"Basi iweke hivyo." Mguu wake ulikuwa bado unacheza. Alichukua koti, akashuka ngazi mbili mbili. Saa nane ilikuwa imefika, na kuna mtu alikuwa anangoja dawa ya kupe.