Namba Kumi na Saba Si ya Baba

"Mama, hebu tupishe kidogo, unaingia kwenye picha."

Aliyesema hivyo ni kijana mwenye kamera, ametumwa na jarida moja la wakusanyaji wa kumbukumbu za michezo. Aliyeambiwa apishe ni mama yangu mzazi, uani kwake mwenyewe hapa Shanwe, ameshika birika la chai aliyowapikia hao hao. Na mama akapisha. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama kando ya kamba ya nguo. Mbele ya kamera akabaki baba, kifua mbele kwa furaha, amegeuka nusu ili ionekane namba 17 iliyobanwa mgongoni kwake kwa pini nne. Kile kitambaa kilikuwa kimetoka sandukuni asubuhi ile, na kilinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Harufu ile ikanipiga usoni, mtoto mgongoni, nepi mbichi mkononi, na uvumilivu wangu ukaishia hapo. Nikaweka nepi chini, nikaenda kusimama mbele ya kamera.

"Huyo unayemwambia apishe ndiye mwenye namba," nikamwambia. "Huyu mzee anachojua kushindana ni drafti."

Baba akakohoa. Mwenzake yule kijana, dada mmoja mwenye daftari, akacheka kwa adabu. "Dada yangu, sisi tunafuata maandishi," akasema, akafungua simu akanionyesha picha ya kadi ya zamani. Kitu: kitambaa cha namba, mashindano ya baiskeli, nafasi ya kwanza. Jina: Leonard Shija. Wino wa bluu, herufi zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Nikaisogelea ile simu. Ule mwandiko ulikuwa wangu.

Sasa ngoja niwaeleze, maana nikiwaacha hapo mtaniona mimi ndiye kichaa.

Nikiwa darasa la tano, kila nikitoka shule nilipitia dukani kwa Mzee Sudi, pale Kashaulili. Aliuza vipuri vya baiskeli: tairi, minyororo, breki, na zile kengele ambazo kila mtoto aliyeingia alilazimika kuzigusa. Duka lilinuka raba mpya na grisi. Lakini nyuma ya kaunta, kwenye shelfu la juu ambalo mkewe alilipigia kelele kila siku, kulikuwa na mali yake nyingine: filimbi za waamuzi, vibendera vya timu, tiketi za mechi zilizochanwa mlangoni, mpira wa ngozi uliokauka ukawa kama boga. Mkewe aliita takataka. Yeye aliita kumbukumbu.

Na kulikuwa na jarida. Liliitwa Hazina ya Viwanja, kurasa kumi na mbili za fotokopi zilizobanwa kwa pini mbili, likija kwa basi likiwa limekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Likichelewa, Mzee Sudi alikuwa mkali hata kwa wateja. Likifika, alifunga duka nusu mlango. Macho yake yalikuwa yameanza kumchoka na mkono wake ulitetemeka, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nasoma. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya grisi iliyogeuzwa, sare ya shule imechafuka, nasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio.

Ukurasa nilioupenda ni wa "Natafuta". Mtu wa Tabora alitafuta filimbi ya mwamuzi, hata kama hailii. Mwingine alikuwa na kiatu cha kulia cha mshambuliaji fulani na alitafuta cha kushoto, na toleo baada ya toleo alikuwa bado anakitafuta. Tulimwonea huruma kwelikweli. Mzee Sudi alikuwa akiniuliza kabla sijafungua, "Mwalimu, yule wa kiatu vipi?" Nikimwambia bado, anasikitika kama kafiwa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kadi. Unajaza kitu ulichonacho, unakata, unatuma, wao wanaweka kwenye kumbukumbu zao. Mzee Sudi hakukubali jarida lake likatwe na mkasi, ng'o. Nilikuwa nainakili kadi kwenye karatasi ya daftari kwa rula, mstari kwa mstari, ndiyo tunajaza.

Siku moja akaniuliza, "Hivi ile namba ya kwenu bado ipo?"

Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge. Nyie msiotoka huku mjue kwamba wanawake wa kwetu wanaendesha baiskeli, wengine na gunia la mkaa nyuma na mtoto mgongoni, na hakuna anayegeuka kutazama. Mwaka niliozaliwa kulikuwa na mashindano ya akina mama, kutoka njia ya Kasekese hadi uwanjani hapa mjini, na mama alichukua baiskeli ya baba akaingia. Mimi nilikuwa na miezi mitano, nimeachwa uwanjani na mama mdogo, ambaye mpaka leo anasimulia nilivyolia hadi mgeni rasmi akauliza huyu mtoto ni wa nani. Mama akafika wa kwanza, vumbi jekundu hadi kwenye kope, akaitupa baiskeli chini, akanichukua, akakaa pembeni ya meza ya waamuzi akaninyonyesha. Zawadi zikachelewa kutolewa kwa sababu mshindi alikuwa ananyonyesha. Walimpa ndoo ya bati na vitenge viwili. Ile ndoo baba aliogea miaka.

Basi nikakimbia nyumbani. Mama hakuwepo, alikuwa shambani. Nikachukua kitambaa nikakipeleka dukani, na Mzee Sudi akakitandaza juu ya kaunta kwa vidole viwili, kana kwamba kinaweza kuamka. Tukaanza kujaza. Kitu, nikaandika. Rangi, nyeupe, namba nyeusi ya rangi ya mafuta. Kasoro, nikaandika kwa uaminifu wote: "pembe moja imeliwa na mende." Halafu ukaja mstari wa jina.

Nikaandika Leonard Shija.

Sikufikiri hata sekunde. Kila karatasi iliyotoka nyumbani kwetu ilikuwa na jina la baba. Fomu ya shule, daftari la balozi, orodha ya mbolea, hata kadi ya kliniki ya mdogo wangu, ambaye baba hakuwahi kumpeleka kliniki hata siku moja. Ukipewa mstari wenye neno "Jina", mkono unajua wenyewe. Mzee Sudi alikuwepo siku ya mashindano, alimuona mama anafika. Akaisoma kadi akiwa ameishika mbali na macho, akasema, "Naam, baiskeli ya Leonard, tairi nilimuuzia mimi. Mwandiko mzuri, mwalimu."

Jioni nikamwonyesha mama kabla haijatumwa. Alikuwa anapepeta mchele. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akaisoma polepole, yeye aliishia darasa la saba lakini anasoma vizuri. Alifika kwenye jina, akakaa hapo. Ungo ulikuwa magotini kwake, kuku walikuwa wameanza kuiba mchele na hakuwafukuza.

"Hapa hakuna nafasi ya jina jingine?" akaniuliza.

"Hapana mama," nikamjibu, najidai kabisa, mtaalamu wa fomu. "Mstari ni mmoja."

"Haya," akasema. "Umeandika vizuri."

Akanirudishia karatasi, akafukuza kuku. Mimi nikaondoka nimevimba kichwa kwa sifa mbili za siku moja. Kadi ikaenda na basi, na sisi tukasahau. Au mimi ndiye niliyesahau.

Mzee Sudi ameshafariki, Mungu amrehemu. Jarida lilikufa likafufuka, siku hizi linachapwa kwa rangi na kusambazwa pia kwenye simu, na wahariri wapya wamefukua kadi za zamani kwa ajili ya toleo maalumu la mabingwa wa mikoani waliosahaulika. Ndivyo walivyofika kwetu. Tangu wapige simu kwamba wanakuja, baba kijiweni anaitwa Bingwa, na anaitika. Siku ile, baada ya wageni kumaliza kumpiga picha na kuondoka, nilimbana.

"Baba, kwa nini hukuwaambia?"

"Sasa mwanangu, baiskeli si ilikuwa yangu?"

"Na miguu ilikuwa ya nani?"

Akacheka. Si mtu mbaya baba yangu, na hilo ndilo linanikera zaidi, maana mtu mbaya ungejua pa kumshika. Nikampigia mhariri. Mara ya kwanza akasema atalifanyia kazi. Mara ya pili akasema kadi ndiyo kumbukumbu, na kumbukumbu haifutwi kwa maneno ya simu. Mara ya tatu akaniuliza nina ushahidi gani wa maandishi. Nikamwambia maandishi yote mliyonayo niliyaandika mimi, nikiwa na miaka kumi, na yana makosa. Akasema, "Sasa dada, tukuamini wewe wa leo au wewe wa wakati ule?" Nikakata simu kabla sijamtukana.

Mama muda wote alikuwa anasema acha, acha bwana, mambo ya zamani hayo, utamuaibisha baba yako. Nikawa karibu kuacha. Halafu juzi, tunachambua mboga, mtoto wangu amelala katikati yetu, mama akaniuliza bila kuniangalia: "Hilo gazeti lao likitoka, watanipa na mimi nakala?"

Miaka yote nilidhani ule ungo, wale kuku, ile "haya", vilikuwa uchovu wa shamba. Mama alikuwa ananiomba. Aliomba mtoto wa miaka kumi amwandike, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu, na mimi nikamjibu kama karani wa ofisini.

Kesho yake nikaenda steshenari, nikachapisha barua hii, nikasaini, nikaituma kwa simu na nyingine kwa basi:

Mhariri,
Jarida la Hazina ya Viwanja.

YAH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU KITAMBAA CHA NAMBA 17

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nalalamika kwamba mnataka kuchapisha picha ya baba yangu, Bwana Leonard Shija, kama mshindi wa mashindano ambayo hakushiriki. Yalikuwa mashindano ya akina mama. Mngeuliza hata mara moja tu, mngejua.

Kadi mnayoitegemea niliijaza mimi nikiwa mwanafunzi wa darasa la tano. Niliandika jina lisilo sahihi. Nakiri kosa langu kwa maandishi, kama mlivyotaka, na nimeambatanisha maelezo ya mama yangu mdogo, aliyekuwepo uwanjani, na sahihi yake.

Nalalamika pia kwamba watumishi wenu walimwambia mshindi atoke kwenye picha.

Naomba kadi ya zamani isitupwe. Ibaki, na mbele yake iwekwe mpya niliyoijaza leo. Mstari wa jina ulikuwa mfupi, nikaurefusha kwa rula. Picha ya baba isitoke. Baba nitaongea naye mwenyewe. Mkirudi kupiga picha, chai ipo, ila mtajimiminia.

Wenu,
Neema Leonard Shija,
Shanwe, Mpanda.

Nakala: Bi. Milembe Kasanda, mshindi, kwa taarifa yake, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.