Jiwe la Kukandia Unga la Genowefa

Nimekula pierogi za jirani yangu Genowefa Rudzik, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, miaka thelathini, na sasa sizigusi tena.

Kijiji chetu cha Olchówka, magharibi mwa Poland, kina barabara moja, mto mmoja na makaburi ya aina mbili. Ya kwetu yana maua na taa. Ya Wajerumani, kule mitini nyuma ya kanisa, ni jalala. Wao walifukuzwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wazazi wetu, waliofukuzwa wao pia kutoka mashariki, wakaletwa kwa mabehewa ya ng'ombe wakapewa nyumba hizi walizoziacha Wajerumani.

Genowefa aliolewa hapa akiwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe akamkabidhi jiko pamoja na jiwe la marumaru, laini ajabu, la kukandia unga. Amekandia juu yake mpaka mgongo ukapinda. Desemba hii, siku chache kabla ya Krismasi, aliliinua ili apake meza rangi. Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kijerumani, na ndani ya kila herufi unga wa miaka na miaka umeganda, wa kijivu, unanuka uvundo. Akaukwangua kwa kisu. Hedwig Kranz. Alikufa akiwa na miaka mitatu.

Nilimkuta anatapika kwenye ndoo.

"Lirudishe mezani," mumewe, Zygmunt, alisema. "Wageni wanakuja."

"Ni la kaburi la mtoto, Zygmunt!"

"Mama alijua tangu siku ya kwanza, na chakula kilimshuka. Usijitie utakatifu uzeeni."

"Na wewe ulijua?"

Zygmunt akachovya mkate kwenye supu, akaendelea kula. Mtu yule ananitia kinyaa.

Genowefa alilipakia kwenye toroli akalisukuma barabarani mchana kweupe. Nikamsaidia. Watu walisimama getini.

"Genowefa, unalipeleka wapi hilo?" jirani mmoja aliuliza.

"Kwa mwenyewe."

Nilingoja kejeli, maana Olchówka ina midomo. Hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja waliingia ndani ya nyumba zao.

Kaburi hatukulipata. Tulisogeza vioo vya taa vilivyovunjika na maua yaliyooza, tuliyotupa sisi wenyewe, tukalilaza jiwe, jina likitazama juu.

"Kesho ulete na lako," Genowefa aliniambia.

Nilimjibu kwangu hakuna. Kisha nikarudi nyumbani, nikapanda ngazi tatu za marumaru alizoweka baba mlangoni, ambazo sijawahi kuzigeuza nione upande wa chini.