Siku Tuliyompunga Dena

Mume wangu Dena alikuwa mgema, na katika Kibarani yote hapakuwa na mtu aliyepanda mnazi kwa madaha kama yeye. Sisemi hivi kwa kuwa ni mume wangu. Yako mengi yake ambayo sikuyapenda, na niliyasema mchana kweupe. Lakini mnazini alikuwa bingwa. Minazi yake ilikuwa kumi na minne, yote ya marehemu baba yake, na kila mmoja aliupanda mara tatu kwa siku: asubuhi kuteremsha tembo na kulichonga kole, lile shina la maua linalotoa tembo, kwa kisu, mchana kulichonga tena, jioni vivyo hivyo. Kole lisipochongwa siku mbili tatu hukauka, na mnazi ule hautoi kitu mpaka lije kole jingine. Kwa hiyo mgema hana Jumapili wala sikukuu. Mimi nililiuza tembo lile katika banda la makuti nyuma ya nyumba, na wanywaji walinijua kwa mambo mawili: Kadzo hatii maji, na mdomo wa Kadzo hauna breki.

Ule ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, tulipokula mahindi ya njano ya serikali mpaka tukachoka kuyatazama. Asubuhi moja nilikuwa chini ya mnazi nikimngoja Dena na kibuyu chake, nikaona hachongi. Ameukumbatia mnazi kwa mikono miwili, uso ameuficha. Nilidhani ameona nyoka. Alikaa vile kwa muda ambao ningeweza kusonga sima na kuila, kisha akaanza kuteremka, kidato kwa kidato, kama mtoto anayejifunza. Alipogusa ardhi miguu ilikataa. Shati lilikuwa limelowa chapachapa na midomo imegeuka kijivu.

"Nafa, Mama Nyevu," alisema. "Moyo wataka kutoka. Pumzi hainitoshi. Na hii mikono siisikii."

Nilimpa maji, nikampepea kwa leso. Haikupita nusu saa, akawa mzima, ameketi, anaona haya. Na mimi, badala ya kumshukuru Mungu, nikacheka. "Mwanamume mzima waogopa mnazi? Basi kesho napanda mimi, wewe ubaki bandani uuze." Wanywaji wakaangua kicheko, naye Dena akacheka nao. Najuta kicheko kile kuliko maneno yote niliyowahi kusema, na nimesema mengi.

Wiki iliyofuata ilimshika katika foleni ya mahindi. Alilitupa gunia, akatoka mbio, watu wakadhani ni njaa. Mara ya tatu alikuwa ameketi anakula, hana habari na mnazi wala foleni. Kijiko kilimtoka mkononi, akashika kifua, akanitolea macho. Hapo ndipo tulipojua kwamba haikuwa hofu ya mnazi. Ilikuwa hofu iliyokuja yenyewe, bila sababu na bila hodi, na ilipokwenda zake ilimwachia nyingine: hofu ya kwamba itarudi. Hiyo ya pili haikuondoka kabisa. Aliamka nayo.

Akaanza kuyapunguza maisha yake. Aliiacha kwanza minazi iliyoinama, kisha ile ya mbali na nyumba. Akaacha kwenda sokoni. Kisha akaacha kwenda matangani, na hilo kwetu Wagiriama si jambo dogo. Mtu asiyekwenda kuzika wenzake, watu hukaa wakimhesabia siku zake. Nilikwenda peke yangu, nikisingizia mara mguu, mara mgongo, mpaka uongo ukaniishia.

Jirani yetu alikuwa amepangisha chumba kwa muuguzi mmoja wa kutoka bara, jina lake Easter, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, mtu wa kanisa, asiyetia mguu bandani kwangu. Siku moja alimkuta Dena ameshika ua wa nyumba, anahema kama aliyekimbizwa. Hakupiga kelele. Alisimama naye, akaanza kumhesabia pumzi: ndani, moja mbili tatu, nje, moja mbili tatu nne. Ikapita. Kesho yake akampeleka hospitali, wakampima kila kitu, moyo wakaukuta mzima.

"Baba Nyevu hana ugonjwa wa moyo," Easter aliniambia. "Hii ni wasiwasi imezidi. Mwili unaamka kama kuna simba, na simba hakuna. Ikimshika haitamuua. Asikimbie. Akae, apumue pole pole, na wewe ukae na yeye."

"Itaisha lini?"

"Pengine itapungua. Pengine ataishi na hiyo. Kuna watu wengi wanaishi na hiyo, mama."

Jibu lile sikulipenda hata kidogo. Nilitaka dawa ya kunywa au ya kujifukiza, kitu chenye mwanzo na mwisho. Kukaa na mtu nikamhesabia pumzi, mwaka nenda mwaka rudi, ndiyo dawa gani? Isitoshe, nilimwona Dena akikaa kwenye ua jioni akimsubiri msichana yule atoke kazini, na alipomwona uso ulimlegea. Nikaingiwa na wivu. Nilimwambia hana haya, kuhesabiwa pumzi na mtoto wa watu. Akaacha kumngoja. Ni mimi niliyemwachisha.

Huku minazi ilikuwa inakauka. Ilipofika ya saba, shemeji yangu Baya, kaka yake Dena mkubwa, aliteremka kutoka Marafa. Baya si mtu mbaya, lakini akiingia nyumbani mwako utafikiri umeingia mwake. Alizunguka shamba lote, mikono nyuma, akarudi amekunja uso.

"Mwana wa mayo," alimwambia Dena, yaani mwana wa mama yetu, "minazi ya baba yafa nawe watazama. Ukiwa huwezi, nitamtia mgema mwingine. Lakini mimi naona una pepo. Na pepo hapewi hospitali."

Dena alisema hana pepo, kwamba muuguzi amemweleza. Baya akanigeukia mimi. Ningeweza kusema, muache, yule muuguzi alimsaidia, nilimwona kwa macho yangu. Nilisema, "Shemeji, tumpunge." Pepo ana jina, ana anachotaka, akipewa anakwenda. Nilitaka sana kitu kinachokwenda.

Baya alileta mganga, mama mtu mzima, mwenye heshima zake, na wapigaji sita pamoja naye. Walikuja asubuhi, watu wakajaa uani. Dena aliketishwa juu ya mkeka, akafunikwa shuka kichwa kizima, chungu cha majani kikifuka mvuke mbele ya magoti yake. Kisha ngoma zikaanza, na zile kayamba za matete zenye mbegu ndani, zikitikiswa zote karibu na masikio yake. Hakukaa muda. Niliona shuka ikitetemeka. Wanawake wakapiga vigelegele: "Amepanda! Pepo amepanda!"

Nami nilipiga kigelegele. Wacha niseme kweli yote.

Mganga akainama. "Hodi, mwenyeji. Wewe u nani?"

Sauti ikatoka chini ya shuka. "Ni mimi Dena. Naomba mnyamaze. Sipati pumzi."

Watu wakacheka. Mganga akatikisa kichwa, akasema huyu ni mjanja, amejificha nyuma ya jina la mwenyewe, na pepo wajanja huchezewa ngoma zaidi. Akaashiria, ngoma zikapandishwa. Dena akajaribu kuitoa shuka, wanaume wawili wakamshika mabega kwa upole, kama inavyopasa.

"Wewe u nani?"

"Mimi Dena! Nafa! Mama Nyevu, waambie, nafa!"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilimsikia. Ile ilikuwa sauti yake hasa, niliyolala nayo miaka kumi na mmoja. Haikuwa ya pepo yeyote. Nilijua. Nikatazama watu, nikamtazama Baya, nikaona aibu ya kuzisimamisha ngoma za watu waliotoka mbali. Nikanyamaza. Mimi Kadzo, nisiyenyamaza hata mbele ya chifu, siku ile nilipata adabu.

Wakampigia zile ngoma mpaka adhuhuri ikapita. Kila alipotaja jina lake zilizidi. Alilia, akatapika, akajikojolea, na kila kimoja kilipokelewa kwa nyimbo. Mwisho mganga akauliza tena, na sauti ikasema, nzito, kavu:

"Mimi Mwarabu. Nimetoka baharini. Nataka kanzu nyeupe na halua."

Ngoma zikanyamaza papo hapo. Watu wakashangilia, Baya akafuta machozi. Mganga akaahidi kanzu, akaahidi halua, akamwomba mgeni ampumzishe kiti wake, yaani Dena aliyempanda. Shuka ikafunuliwa. Dena alikuwa amekonda kwa asubuhi moja. Hakutazama mtu mwingine ila mimi, na kwa jinsi alivyonitazama nilielewa kila kitu. Hapakuwa na Mwarabu. Alikuwa ametafuta tu neno la kuzinyamazisha zile ngoma, na amelipata.

Kanzu ikashonwa, halua ikanunuliwa. Wiki ile ile Dena alirudi mnazini. Akapanda yote saba iliyobaki, na ile mingine makole yalipotoka akaipanda pia. Akaenda sokoni. Akaenda matangani, akabeba jeneza. Yeyote aliyemuuliza hali alijibiwa, "Nimepona." Mganga yule akaitwa mpaka Mambrui kwa sifa ya mume wangu. Baya alirudi Marafa, na kila akija alimpiga Dena begani, akinitazama mimi, kama kusema, je, si niliwaambia.

Nami nilijilazimisha kuamini. Sikuuliza kwa nini siku hizi anapanda na kamba, akajifunga kiunoni na mnazi, wakati zamani aliwacheka wagema wanaojifunga. Sikuuliza kwa nini juu kule anakawia mara mbili ya zamani. Tembo lilikuwa linashuka, wanywaji walikuwa wanakuja, na jina letu limesafika. Nilipokuwa peke yangu niliiona ile siku yote upya, nikajifunika uso kwa leso ingawa hapakuwa na wa kuniona.

Mwaka wa themanini na saba, mchana mmoja wa kiangazi, mbuzi alikuwa ametoroka na Nyevu binti yetu alikuwa shuleni. Nikaenda mwenyewe zizini kutazama kamba. Zizi letu lilikuwa nyuma kabisa, giza ndani, linanuka. Nikasukuma mlango, nikasikia kitu kikiguna, nikadhani ni mbuzi anayezaa.

Alikuwa Dena. Amejikunyata pembeni katika mavi ya mbuzi, magoti kifuani, mwili mzima unatetemeka. Shati amelivua, amelikunja, amejitia mdomoni mpaka mashavu yamejaa, asisikike. Mtu asiyepata pumzi, ajizibe mdomo kwa mikono yake mwenyewe. Miaka mitatu. Nilijua pale pale kwamba ilikuwa miaka mitatu, na kwamba zizi lile lilimjua mume wangu kuliko mimi.

Sikuwa na la kufanya ila lile la Easter, na Easter mwenyewe alikuwa amehamishwa kwao bara zamani. Nilikwisha kwenda kumuulizia siri siri, wakaniambia hata anwani hakuacha. Nikapiga magoti. Nikanyoosha mkono nimtoe lile shati, nikasema kwa sauti ya chini kuliko zote nilizonazo, "Dena, ni mimi. Nimekuja kukaa nawe tu. Hebu tupumue. Ndani, moja, mbili..."

Alipoutambua uso wangu alirudi nyuma kwa nguvu, mgongo ukagonga ukuta, udongo ukamwangukia. Alilitoa shati mdomoni mwenyewe. Midomo ilikuwa kijivu, jasho linamtiririka, kifua kinapanda na kushuka, na bado akajilazimisha kutabasamu. Nimeona maiti nyingi, lakini sijaona kitu cha kutisha kama tabasamu lile.

"Nimepona, Mama Nyevu," akasema. "Wallahi nimepona. Ni joto tu. Usimwite Baya."

"Simwiti, Dena. Simwiti mtu. Nisamehe."

"Nimepona," akasema tena, meno yakigongana, mikono miwili ameiinua mbele ya uso wake. "Usiwaite. Nitapanda yote jioni, utaona. Nimepona."

Nikamwambia tena kwamba sitamwita mtu. Nikala yamini kwa jina la binti yetu. Hakuniamini, na kwa nini aniamini? Nilikaa pale nikamwona akishindana na mambo mawili kwa pamoja, lile lililomshika na mimi, na macho yake yalikuwa kwangu.

Mwisho nilifanya jambo moja tu lililoweza kumsaidia. Niliinuka, nikatoka nje, nikamrudishia mlango, asinione.