Nyungu ya Shangazi

Ilianza Jumanne saa kumi jioni, shule zimefungwa kwa corona. Dada yangu, mjamzito wa miezi saba, alikuwa amegoma kwenda kliniki. Analia kutwa, anasema atafia leba peke yake, eti ndugu hawaruhusiwi kuingia.

Shangazi, daktari wa Mbagala nzima asiye na cheti hata cha darasa la saba, akamfunika blanketi juu ya nyungu ya mwarobaini, eti mvuke utamtoa hofu.

“Shangazi, nakosa pumzi.”

“Acha kudeka. Sie tulizaa na kipindupindu mtaani.”

Na mie nilishika pindo la blanketi mvuke usitoke, mpumbavu kuliko shangazi.

Asubuhi yake nilimshika dada mkono mpaka kliniki. Mie ninayetoa shikamoo kwa kunong'ona nikamwambia nesi: “Dada yangu halali usiku. Analia kila siku. Msaidieni.”