Mkato Katikati ya Neno

Usiku ule nililala na skafu shingoni. Siku mbili nzima nilikuwa nayo, nikiwaambia watu koo linaniuma. Uongo. Kesho yake ilikuwa misa ya kumkumbuka Madamu Salome, mwalimu wetu wa kuimba, na solo yake, ule wimbo aliouimba peke yake, nilipewa mimi. Bahati, kiongozi wa kwaya, anayelala bwenini kitanda cha juu yangu, alinichungulia akasema, "Dada wa skafu, mbona koo lako linajua kalenda?"

Nikafumba macho.

Nikamwona Madamu amekaa kwenye dawati la mbele, darasani kwetu, jua limejaa. Amevaa ile sweta yake ya kijani iliyong'oka kifungo kimoja. Nilijua amekufa, ila niliona aibu kumwambia.

"Shikamoo, Madamu."

Alinigusa tumbo kwa vidole viwili, kama zamani. "Pumzi iko huku, si mabegani."

Halafu darasa si darasa tena. Ni ukumbi mkubwa wa ng'ambo, ule wa kwenye picha yake ya ofisini, una viti vyekundu na wapiga fidla waliovaa nyeusi. Madamu ni msichana. Anaimba peke yake, sauti ya kwanza, juu kabisa, bila kipaza sauti, na bado inanifikia mimi niliyejibana mlangoni. Natazama mikono yake. Inalikunja gauni na kulikunjua, inalikunja tena.

Mara viti vyekundu vimekuwa madawati, na sisi wa kidato cha tatu tumelala chali juu yake, kila mmoja na kamusi tumboni, tuone kama pumzi inaipandisha. Madamu anapita katikati yetu, nywele zimeshakuwa nyeupe. Anafoka lile lake la kila siku: "Neno halikatwi! Atakayepumua katikati ya neno atafagia darasa!" Tunacheka, kamusi zinaanguka.

Ananiinamia. Mkononi ana karatasi ya solo, ileile aliyoniachia, nota zote kwa mwandiko wake. Anaweka kidole kwenye neno "umenishika". Hapo, kabla tu ya ile nota ya juu, kuna mkato wa penseli. Umelikata neno vipande viwili. Nilishauona zamani nikadhani ni uchafu.

"Niliuweka mimi," anasema. "Kule ukumbini. Niliiogopa nota ile, nikaiba pumzi hapo katikati ya neno."

"Mara ngapi, Madamu?"

"Kila mara. Mpaka nimezeeka." Anacheka kidogo, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Iba na wewe. Ila usinyamaze."

Kengele ya asubuhi ikaniamsha. Nikaitoa karatasi chini ya godoro. Mkato upo. Umepitiwa kwa penseli mara nyingi kiasi kwamba karatasi inakaribia kutoboka.

Nikavua skafu.

"Ehee!" Bahati kutoka juu. "Limepona?"

"Halijawahi kuuma. Naiogopa ile nota ya juu."

Nilidhani atawaita wengine wanicheke. "Si ungesema tu, jamani," akasema. "Ngoja nishuke, tuijaribu kabla ya uji."

Nikimsubiri atafute ndala zake, nikachukua penseli nikaupitia ule mkato. Mara moja tu, taratibu, nisitoboe.